Ubao Juu ya Mlango wa Mubilizi

Mheshimiwa Katibu Tarafa, Baba Paroko, Ndugu Mwenyekiti Privatus na wanakikundi wako, wageni waalikwa kutoka Kamachumu na Izigo, nanyi mlioketi nyuma ili kikohozi chenu kisitusumbue: nawasalimu, nikianzia huko nyuma.

Mwaliko unasema mimi, Immakulata, muuguzi mstaafu niliyefunga vidonda tangu wakati wa vita, nikate utepe wa banda hili la kukaushia mubilizi, mmea wetu wa majani machungu. Nilikubali kwa furaha. Nani kati yetu hakunyweshwa maji ya majani yale machungu utotoni, huku amebanwa pua? Uchungu ule si uchawi. Ni kemikali ambazo mmea umejitengenezea ujikinge na wadudu, na huenda nyingine zikatufaa sisi. Wataalamu bado wanazichunguza. Ukiyachemsha majani na kumwaga maji ya kwanza, unapata mboga safi. Niliwapikia wagonjwa wangu, na bwana mmoja wa mjini aliponikemea kwamba naendesha uganga, nilimpakulia sahani. Alikula, akaomba aongezewe.

Lakini leo nimekuta ubao juu ya mlango: DAWA YA UKIMWI.

Ndugu zangu, kosa hilo nalijua, maana nililianza mimi. Miaka mitatu iliyopita nilimwambia Kokuberwa, fundi cherehani wetu, kwamba mubilizi ni omubazi. Nilimaanisha ungemrudishia hamu ya kula. Lakini kwetu Wahaya omubazi ni dawa, basi, na sikueleza ni dawa ya nini. Alikuwa na kifua kikuu, akimeza vidonge vya zahanati. Akaviacha. Nilipomfuata nyumbani aliniambia, "Mama, si ulisema omubazi ninao shambani?" Tulimzika kabla ya mavuno ya kahawa. Naumia mpaka leo.

Je, nikate utepe chini ya neno lile lile? Ndugu Privatus amenong'ona kwamba bila ubao huo wanunuzi hawatakuja. Basi wasije. Mheshimiwa ameniomba niwe mfupi, nami nitakuwa mfupi: mubilizi ni mboga, hauponyi UKIMWI, na mwenye vidonge avimalize.

Ngazi ile pale ukutani. Mkasi ninao mimi, na hautakata kitu mpaka ubao ule ushushwe, uandikwe MBOGA.

Asanteni kwa masikio yenu. Naketi, nasubiri ngazi.