Mashine Iliyozima Kila Nikiomba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nyinyi wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa mmeamka.

Mimi ni Mama Nekesa, fundi wa nguo pale Riruta. Mnanijua kwa sauti. Nikishika maombi hapa, majirani mpaka mtaa wa Waithaka hufunga madirisha. Sasa sikieni Mungu alivyoninyamazisha.

Mwaka jana nilikohoa mpaka damu ikatoka. Daktari akasema ni saratani, iko kwenye pafu la kushoto, huku chini. Niliogopa, jamani! Nekesa wangu yuko kidato cha pili, na hana mwingine ila mimi. Nikapangiwa matibabu ya mionzi, wiki kadhaa, katika hospitali moja mjini.

Chumba kile ni baridi, na ni kimya. Unalala chali, mikono juu ya kichwa, mistari ya mwanga wa kijani inapita kifuani. Wanakuwekea kiboksi kidogo tumboni, kinapanda na kushuka na pumzi yako, na mashine inakifuata. Halafu wote wanatoka, unabaki wewe na Mungu.

Nami nikaomba! Si kwa mdomo, kwa tumbo, kwa kuhema. Mashine ikaunguruma kidogo, ikazima. Ikaanza, ikazima. Siku tatu hivyo! Nikasema huyu ni shetani anazima dawa yangu. Nikazidisha maombi. Ikazidi kuzima.

Siku ya nne Wanjiru, dada anayeendesha mashine, akaja akanishika mkono. "Mum, uvimbe wako unatembea ukipumua. Sisi tumelenga mahali pamoja. Ukihema hivyo unatoka pale, na mionzi ingechoma nyama isiyo na shida. Ndiyo maana mashine inajizima, inakungoja."

"Kwa hivyo unataka niache kuomba?" Nilikuwa na hasira, wacheni tu!

"Omba, mum. Lakini pumua polepole."

Nikakumbuka cherehani yangu. Miaka yote nimewagombeza wasichana ninaowafundisha kushona: usivute kitambaa! Ukikivuta, sindano inapiga pengine. Kishike kidogo, cherehani itakipeleka yenyewe. Kumbe mvuta kitambaa ni mimi! Shetani nilikuwa nimemsingizia.

Nikafumba macho, nikapumua kidogo kidogo, kama mtu aliyelaliwa kifuani na mtoto. Ndugu zangu, sijui niwaambie vipi. Chumba kiliondoka. Nilikuwa Bungoma kwa mama yangu, juu ya mkeka, jua la asubuhi limeingia mlangoni, na Nekesa mchanga amelala juu yangu, sitaki aamke. Sikuomba neno hata moja. Mashine iliunguruma kwa mbali, kama cherehani ya chumba cha pili, ikaunguruma, ikaunguruma. Wanjiru aliponigusa bega nilidhani bado hawajaanza.

"Tumemaliza, mum. Leo haijazima hata mara moja."

Nikalia pale pale!

Juzi picha ilionyesha uvimbe umesinyaa. Daktari anasema tuendelee kuuangalia. Mimi nasema asante Yesu, asante Wanjiru, asanteni mlioniletea uji.

Na wewe uliyeingia leo unahema, unavuta maisha yako kwa nguvu zote, nakuelewa kabisa. Mchungaji ameniomba niongoze maombi, na naona mmeshajiandaa kwa kelele. Leo hapana. Nekesa, njoo ukae karibu nami. Fumbeni macho wote. Pumueni kidogo kidogo. Tumwache Yeye ashone.