Besi ya Mteja wa Darsait

Alkhamisi hii, tarehe 31 Desemba 1970, Bwana Thabit bin Khalfan anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia Kampuni ya Sleyum na Wanawe: ishirini na mitano katika duka la Unguja na sita hapa Mutrah. Mameneja watatu wamepita juu yake, na wote watatu amewafundisha kupunguza sauti ya redio. Anaondoka na afya njema, meno yake mwenyewe, na maoni yake mwenyewe juu ya kila kitu chenye waya.

Alianza kama mpanga bidhaa wa duka la santuri na redio. Mchana aliuza, na jioni alipiga dabalbesi katika klabu ya taarabu, ile fidla kubwa ambayo mpigaji husimama nayo kama anayeshikana mieleka. Waliomsikia enzi hizo, na baadhi yao wamo humu ukumbini, wanasema hakuwa mpigaji wa mbwembwe. Alikuwa mpigaji ambaye akinyamaza kidogo tu, wimbo mzima unayumba.

Mwaka 1964 alifika Maskati na mkewe, Bi Mahbuba, watoto wawili na sanduku moja la nguo. Dabalbesi haikuwa kitu cha kupanda nacho meli kwa haraka ile. Ilibaki imeegemea ukuta wa klabu, na nani anayo leo, hatujui. Siku ya pili tu hapa Mutrah alimwambia mkewe kwamba habari ya nyuzi imekwisha, vidole vyake havitaijua shingo nyingine. Iliuma, na inauma mpaka leo, hata kama yeye huwa anageuza maneno na kuuliza habari za jenereta.

Kampuni ilimpa stoo, majokofu na hizo jenereta. Akaanzisha mtindo wa kumfuata mteja nyumbani kuangalia mashine imewekwa wapi, mtindo ambao sasa sote tunaufuata na ambao umetuponza kunywa kahawa nyingi kupita kiasi. Kisha, kiasi cha miaka minne nyuma, vijana waliotoka kazini Bahrain na Kuwait wakaanza kuulizia magitaa ya umeme. Meneja alidhani ni upuuzi. Bwana Thabit aliagiza gitaa moja la besi bila kumuuliza mtu, likauzwa kabla halijatoka vizuri ndani ya kasha lake.

Hapo ndipo lilipozaliwa baraza letu la Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri. Wapenzi wa besi wa mji huu, makarani, madereva na mafundi wa kambi ya mafuta, hujaa stooni wakibishana: shingo ndefu au fupi, nyuzi za mviringo au bapa, amplifaya ya vali, zile taa za kioo za ndani, yenye sauti nene au ile mpya nyepesi isiyovunja mgongo wa mbebaji. Miaka ile muziki ulikatazwa hadharani, ukapigwa ndani, milango imefungwa, kwa hivyo mabishano yenyewe yalifanywa kwa kunong'ona. Tangu Sultani mpya ashike nchi mwaka huu, tunabishana kwa sauti kubwa, na bado hatujakubaliana.

Bwana Thabit alikuwa na kanuni moja, na kwa kanuni hiyo alituudhi wote. Amplifaya, kwake yeye, haichaguliwi na aliyekaa mbele yake. Harusini kwetu wanaume wako upande huu na wanawake upande wa pili wa ukuta. Sauti nyembamba hupita dirishani, lakini besi lazima ivuke ukuta wenyewe. "Harusi ni ya wanawake," alizoea kusema. "Sie tunakwenda kula tu."

Basi nyumba yake ikiwa imepakana na stoo, ukuta mmoja, alimfanya Bi Mahbuba kuwa hakimu. Mnunuzi hupiga huku, Bi Mahbuba husikiliza kule jikoni, mgongo ukutani na mchi wa kinu mkononi. Akiisikia besi mwilini, hugonga ukuta mara moja, na biashara imekwisha. Asipogonga, hakuna kuuziwa. Siku moja Bi Mahbuba alikuwa amekwenda kumjulia hali mzazi, na fundi mmoja kutoka Wadi Kabir akasubirishwa mpaka akatujua wote kwa majina na watoto wetu pia. Aliondoka na amplifaya nzuri.

Ghanim, mpiga besi wa kundi la vijana wa Darsait, aliona mambo haya ya mchi ni ya kizamani. Mwaka jana alinunua kwingine amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, kwa sababu ilikuwa na taa nyekundu na ilipiga kelele sana. Wakaipakia mashuani pamoja na jenereta, wakaipeleka harusini Bustan, mbali na masikio ya askari wa mji. Wimbo wa tatu haujafika kati, spika ikapasuka. Upande wa wanawake Bi Kheiria, shangazi wa bwana harusi, alituma mtu kuuliza ni nani anayeburura magunia wakati watu wanasherehekea.

Bwana Thabit alikuwapo, mwalikwa. Ghanim alimpa gitaa na kumwomba: "Ami Thabit, nakuomba, wewe unajua kupiga taratibu. Nistiri." Mimi nilikuwa karibu. Alilipokea. Mkono wa kushoto ulikwenda shingoni wenyewe, ukakaa mahali pake. Kisha akalirudisha, akasema, "Mie nna jenereta ya kuangalia," akatoka na hakurudi mpaka watu walipotawanyika. Waliomwita mkaidi usiku ule hawakuuona ule mkono. Mimi niliuona, na tangu hapo sikupata raha.

Alipotangaza kwamba anastaafu na anahamia Darsait, katika nyumba aliyojenga mwanawe, wafanyakazi tulikuwa tumeshakata shauri juu ya zawadi. Tatizo ni kwamba hakuna miongoni mwetu mwenye kifua cha kumchagulia Thabit bin Khalfan ala ya muziki. Angeirudisha, na juu yake angetupa darasa. Basi nikamwambia kuna mteja wa Darsait anataka besi na amplifaya yake, na ameomba achaguliwe na yeye hasa.

Akaanza maswali yake. Mteja ana umri gani? Nikasema mtu mzima. Vidole? Vinene. Atapiga amesimama au amekaa? Mgongo unamsumbua, atakaa. Amepiga kabla? Zamani sana, kisha akaacha. Sikusema uongo hata mmoja, na naomba lisahauliwe suala la nani aliyekuwa akicheka nyuma ya majokofu.

Bwana Thabit alichukua kazi ile kwa dhati. Alichagua shingo fupi ili mkono usichoke, na nyuzi bapa kwa kuwa mtu wa zamani hapendi makelele ya vidole. Alichagua spika moja pana ndani ya kasha lililozibwa nyuma, lenye vishikio viwili, maana mtu mwenye mgongo lazima asaidiwe kubeba. Zilikuwapo tatu za namna hiyo, na Ghanim ndiye aliyezijaribu. Ya kwanza ukuta ulinyamaza. Ya pili pia. Ya tatu Bi Mahbuba aligonga, akagonga tena, akaendelea kugonga mpaka chokaa ikadondoka upande wetu. Bwana Thabit akashangaa mke wake leo kapatwa na nini.

Mwisho alinipa ujumbe wa kumpelekea mteja. Nimeuhifadhi vile vile alivyousema: "Mwambie aache uvivu. Vidole havisahau, wallahi. Anaesahau ni moyo wake tu, na huo atauamsha akianza."

Ujumbe umefika, Ami Thabit. Mteja wa Darsait ni wewe.

Besi yako iko nyuma ya pazia la kijani, mkono wako wa kulia. Amplifaya Ghanim ameshaiwasha, vali zimepata moto, na kiti hakina mikono, kama ulivyoagiza. Huwezi kulalamika juu ya chochote, kwa sababu umechagua mwenyewe.

Tunakushukuru kwa miaka yote, kwa kahawa, kwa ukali uliotufanya tujue kazi. Mungu akupe umri mrefu Darsait, wajukuu wengi na majirani wanaovumilia kelele.

Na jambo moja Bi Mahbuba ameniruhusu kulisema. Mara ya kwanza alipokusikia ilikuwa harusini kwa binamu yake, Unguja, upande wa wanawake, kabla hajauona uso wako. Miaka minne hii amesikiliza besi za watu wengine kupitia ukuta wako, na kila alipogonga alikuwa akingoja yako.

Sasa hivi yuko chumba cha pili, mgongo ukutani. Mchi amekuja nao.

Aflah bin Said,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mutrah