Mishale ya Mama Angela

Kijiwe chetu cha kahawa kiko jirani na mashine ya kukoboa mpunga, hapa Mpanda, na mimi pale naitwa Injinia. Jina nilijipa mwenyewe, sijui nani aliniroga. Nilimtengenezea mzee Erasmus, mwenye mashine, programu ya kuita wateja kwa zamu kwenye spika. Leo inamwita Mama Angela tu, wengine wamekaa juu ya magunia wamenuna. Mzee kasema nisiporekebisha kabla ya adhuhuri basi, kazi sina, nirudi kulima kwa kaka yangu Kibaoni. Nikaja na kompyuta kijiweni, nikaifanya programu ijichore tumbo lake huku inafanya kazi: kila mteja kiboksi, kila gunia duara, na mshale wa kuonyesha gunia ni la nani. Mishale mingi imejazana kwenye kiboksi kimoja, cha Mama Angela, na programu haihami kiboksi mpaka magunia yake yaishe.

— Huyo mama kakuhonga, — akasema Kalisti wa bodaboda, ambaye tunamwita Waziri.

— Angenihonga ningevaa hizi ndala?

— Basi ni virusi, — akadakia Hezron. Anauza dawa za mifugo, kwa hiyo ni Daktari. — Izime ipumzike.

— Nimeshaizima, Daktari. Imeamka hivyohivyo.

— Nyie hamuoni, — Waziri akainamia kioo cha kompyuta. — Gunia likiingia tu, mshale huo, kwa mama. Huyo ni tajiri wa Dar. Anakusanya mpunga wa mkoa mzima kimyakimya.

— Na ana setilaiti yake, — Daktari akasema. — Inavuta mishale kutoka juu.

Na mimi, Injinia mzima, nikatingisha kichwa kukubali. Nilishaanza kumchukia huyo mama wa watu.

Mara akaja mama mmoja wa Katumba, vumbi la pumba mpaka kwenye kope.

— Habari za hapa, wababa. Nani fundi wa ile spika?

— Mimi. Na wewe ni nani?

— Mama Angela.

— Tumemkamata, — akasema Waziri.

— Pale mashineni ikiita jina hilo tunasimama wanne, tunavutana gunia, — akasema yule mama. Akaangalia kioo, akaweka kidole kwenye kiboksi. — Huyu ni Mama Angela yupi?

Waziri akachungulia kikombe chake. Daktari akanitazama mimi. Nikatafuta kwenye picha yangu yote: kina Mama Angela wote wako kiboksi kimoja, kwa sababu programu sikuwahi kuifundisha kuuliza hivyo.

Mzee Erasmus alikuwa ameshavuka barabara anakuja. Nyuma yake alikuwa mke wangu, naye asubuhi nilimwandikisha kwenye programu kwa mkono wangu mwenyewe: Mama Angela.