Tuba Iliyobebwa kwa Mbeleko

Wapendwa wetu mliofika hapa Mhunze, wakubwa shikamooni, na wote poleni kwa msiba. Tunaye mbele yetu Mwalimu Deusdedit Bujiku, mpuliza tuba, lile baragumu kubwa linalotoa besi ya bendi, ambaye leo, kwa mara ya kwanza, yuko karibu na bendi bila kuikosoa.

Alizaliwa hapahapa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa mzee Bujiku, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na bendi ya kanisa ikampa tuba kwa sababu moja tu, wenzake wote walikuwa wamekimbilia tarumbeta.

Mwaka 1990 alikwenda kwenye machimbo ya Segese, akaponda mawe, dhahabu akaiona mikononi mwa wengine, vumbi likabaki kifuani mwake. Alirudi, na tarehe 12 Oktoba 1996 akafunga ndoa na Agnetha, wakajaliwa watoto watatu, Noela, Edson na Esta, naye akaanza kufundisha bendi za shule.

Mwaka 2013 shule moja ya Katoro ilimwomba awachagulie tuba, naye, akijua watu wa Katoro hawapendi kuzidiwa na jirani, akachagua kubwa kuliko zote, inayong'aa kama sufuria ya harusi, ikataka watoto wawili wa kuishika na wa tatu wa kuipuliza, na ilipobonyea fundi hakupatikana, ikaishia stoo, kuku akatagia ndani. Kila alipoisimulia alicheka, ila nyumbani ilimtoa machozi, kwa sababu watoto wale waliacha bendi.

Aliyemfungua macho ni mkewe, ambaye tuba yao ndogo ya vitufe vitatu alikuwa akiifunga mgongoni kwa mbeleko na kupanda nayo bodaboda kumfuata mazoezini, wanawake wa sokoni wakimuuliza mtoto huyo mwenye mdomo mpana hivyo amefanana na nani, naye akiwajibu kwamba amefanana na baba yake. Tangu hapo Mwalimu hakuuliza tuba inang'aa vipi, aliuliza kama mtoto ataweza kuikumbatia, kama fundi wa masufuria ataweza kuichomelea, na kama shule ya jirani inayo ya aina hiyo ili waazimane vifaa, na ndiyo maana shule zote alizozipitia, Kishapu hadi Msalala, zinapuliza tuba ileile ndogo.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021, Juni 2023 akaiweka tuba chini, na kilichomnyima usingizi hakikuwa kufa, bali kuzikwa na bendi isiyo na besi, maana wanafunzi wake waliokomaa wametawanyika machimboni na makazini. Ndipo akamwomba Mayu, yaani mama, jina alilozoea kumwitia mkewe, ajifunze kuipuliza, naye Mayu akamwambia kwamba amembebea watoto, amembebea na hilo dude, sasa anataka na pumzi yake, kisha akaketi akafundishwa, majirani wakilalamika kwamba ng'ombe wamegoma kutoa maziwa.

Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, hospitalini mjini Shinyanga, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliovumilia mazoezi yale na bado wakaleta kuni na maji msibani, na walimu wenzake wa bendi waliofika na vyombo vyao.

Wazee wa ukoo wameridhia jambo ambalo si desturi yetu, mjane ainuke mkekani kabla ya maziko. Jeneza litakapoteremshwa, msishangae besi ikitetemeka, anayeipuliza ni Agnetha.

Mwalimu, safari hii usikosoe. Pumzika kwa amani, besi ipo.