Kijiko Kimoja cha Unga

Benchi letu liko Beja, mji wa ngano usio mbali na Tunis, kati ya kibanda changu cha kushonea viatu na mkahawa wa Ami Tijani, limeegemea ukuta ambao jua la alasiri haliufikii. Ni ubao mrefu wa behewa bovu, na aliyeuleta ni Lamini, tunayemwita Reli kwa sababu alizipungia treni bendera miaka thelathini na mpaka leo hawezi kusema neno bila kunyanyua mkono. Kando yake hukaa Nasiri, jina lake la kijiweni Daktari. Udaktari hakuusoma. Aliendesha gari la wagonjwa, na anasema aliyoyasikia yakisemwa nyuma ya kiti chake yanamtosha. Mimi sikai nao, nafanya kazi, ila mlango wangu uko wazi na masikio sijayafunga. Siku hiyo, mwezi wa nne, mabishano yalianzia kwenye suruali.

— Nimeiona kwa macho yangu haya, alisema Reli, mkono juu. Juu ya paa la tanuri. Suruali mbili, shati, soksi. Na anayezianika ni Khemaisi mwenyewe, vibanio vya nguo mdomoni!

— Khemaisi mwoka mikate? aliuliza Daktari.

— Tunao wangapi?

— Sasa hiyo mpya. Mtu ana mke, ana nyumba, anafua kazini?

— Anafua, anaoga, ananyoa. Ndipo anakwenda kwake. Amehamia kule, nakwambia. Mke kamtoa.

— Hajamtoa. Jana nimewaona sokoni, wamebeba kikapu kimoja, huyu sikio hili na huyu sikio lile.

— Basi ana mwingine. Mwanamume akijisafisha hivyo kabla ya kurudi nyumbani, kuna harufu anaificha.

Daktari alikunywa kahawa, akaacha wenzake wangoje. Anapenda kungojwa.

— Reli, wewe unaona moshi tu, treni huioni. Sikiliza. Ngano inayoshuka bandarini siku hizi si ngano ile ya baba zetu. Imetiwa kitu. Mwanamume akishinda nayo, anaivuta puani kila siku, damu inabadilika, anaanza kupenda kazi za ndani. Leo anafua. Kesho utamkuta anadarizi.

— Acha wewe!

— Haya, cheka. Kwani hujasikia kwamba nyumbani kwake hakuna mkate?

Reli alishusha mkono.

— Hakuna mkate kwa Khemaisi?

— Hata kipande. Binti wa dada yangu alikwenda kumwamkia mkewe, Dalenda. Kaletewa chai na vitumbua vya unga wa dengu. Kaomba mkate, kaambiwa humu hauingii.

— Mungu wangu! Mimi kila asubuhi nanunua mitatu pale pale. Mtu mkate wake mwenyewe haupeleki kwa mkewe, sisi anatulisha?

— Ndiyo nasema. Una kitu.

— Basi mimi kesho naenda kwa yule wa karibu na hospitali.

— Nenda, Ami Lamini. Ila nisikilize kwanza mimi.

Alikuwa ni Khemaisi. Alitokea upande wa ukuta, nywele mbichi, shati safi. Ana miaka arobaini na kidogo, mabega ya mtu aliyekanda unga tangu utotoni. Reli alianza kukohoa. Daktari akasogea kumpa nafasi, kwa haraka ya mtu aliyekamatwa. Ami Tijani alileta kikombe bila kuagizwa.

Wakati huo mle kibandani nilikuwa na mteja, mama mmoja wa mji wa Nefza aliyevunjikiwa na kisigino cha kiatu akiwa njiani kwenda kwa binti yake. Amekaa kwenye kigoda changu, mguu mmoja juu ya gazeti, anangoja gundi ikauke.

— Mkate wangu hauna kitu, alisema Khemaisi. Mke wangu ndiye hapatani nao.

— Hapatani vipi? Mtu wa Beja hapatani na ngano? Ni kama samaki hapatani na maji.

— Ami Lamini, tumeoana miaka tisa. Sita kati ya hiyo Dalenda alikuwa mgonjwa, ninyi mlimwona. Alikonda, nywele zikanyonyoka, mimba mbili zikaharibika. Alitundikiwa chupa za damu. Mama yangu akasema ni kijicho, tukafukiza nyumba mpaka majirani wakadhani inaungua. Mwaka juzi tukampata daktari mmoja Tunis, msichana tu. Akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: unakula nini tangu asubuhi? Kisha vipimo vya damu, kisha wakamshusha kamera tumboni. Jibu likatoka: ngano. Ngano na shayiri. Utumbo wake hauzitaki, hata chembe. Yule msichana akanitazama kucha, zina unga. Akaniuliza kazi yangu. Wallahi, nilitaka kumdanganya.

— Na suruali? alisema Reli, kwa sauti ya chini.

— Unga unaganda kwenye nguo. Nikiingia nazo nyumbani, nikae kwenye kochi, nishike birika, naye akishika nilipogusa akapeleka mkono mdomoni, basi. Kwa hiyo nafua kule, naoga kule.

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mzee anayemhurumia mtoto.

— Mwanangu Khemaisi. Usiudhike. Niliwabeba wagonjwa wa kila namna. Maradhi haya ya kutokula hiki, kutokula kile, mengi yapo kichwani. Mwanamke anataka aangaliwe. Wewe ungefanya jambo moja tu: siku moja umtilie kidogo kwenye chakula, bila yeye kujua. Angekula, asingedhurika, na kesi ingeisha.

Khemaisi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Nikaacha nyundo.

— Nilitia, alisema.

— Ulitia nini?

— Unga. Kijiko kimoja. Mwaka jana, Ijumaa, kabla ya swala.

Reli aligeuka mwili mzima.

— Khemaisi!

— Ngoja niseme, maana sijapata kumwambia mtu. Miezi saba ya mwanzo Dalenda alipika mara mbili kila siku. Kwanza changu, kuskusi ya ngano, ameifinyanga yeye mwenyewe na kitambaa amejifunga mdomoni. Halafu chake: wali, viazi, yai. Masufuria mbalimbali, vichungio mbalimbali, sifongo mbili za kuoshea. Zake kazifunga uzi mwekundu nisikosee. Nami nilikosea. Nachovya kijiko changu kwenye asali yake, naacha makombo mezani, anapita nyuma yangu anafuta. Na sinia moja hatuli tena. Mimi nala mezani, yeye anakula jikoni amesimama, sahani ameishikilia kifuani, kama mtu aliyeiba. Akaniomba: Khemaisi, tule chakula kimoja, changu, nimechoka. Nikakataa. Nikamwambia babu yangu alioka mkate, baba yangu alioka mkate, hakitapita chakula cha magharibi nyumbani kwangu bila mkate.

— Ulikuwa na haki, alisema Daktari, lakini maneno hayo hakuyamaliza vizuri.

— Nikaanza kuwaza hayo hayo unayosema, Ami Nasiri. Kwamba anazidisha. Kwamba kaipenda hiyo ndwele yake. Ijumaa ile aliacha supu jikoni, akaenda kutawadha. Nilikuwa na unga wangu kabatini. Nikachota kimoja, nikakoroga mpaka kikapotea. Nilitaka kujua tu.

— Akala?

— Mabakuli mawili. Akaisifia. Akasema, leo imekuwa nzito, tamu.

Hapo hata Ami Tijani alisimama mlangoni na trei yake.

— Alasiri ilipoingia akaanza kujikunja. Siku tatu, jamani. Tulimpeleka akawekewa maji. Na mnajua alipotoka alifanya nini? Alitafuta kosa lake. Alimwaga mchele wote. Akamwaga bizari, akamwaga chumvi. Akaosha kopo moja moja, ananiuliza: Khemaisi, unadhani ni hili lililonisaliti? Au hili? Nami nimesimama namshikia taulo.

Alijifuta uso kwa kiganja.

— Baada ya hapo nikabadilika. Mkate nikaukomesha nyumbani. Nikaanza kuoga kule. Nikala anachokula, tukarudi sinia moja. Amenenepa, mmemwona. Anawaambia wanawake wanaooga naye hamamuni: Mungu kanipa mume. Kila nikiisikia hiyo, natamani anitukane.

Reli alitazama barabara. Daktari aligeuza kikombe chake kilichokwisha, akakigeuza tena. Ndipo yule mama wa Nefza, ambaye tulikuwa tumemsahau, akauliza kutoka kwenye kigoda changu, bila ukali wowote:

— Na yeye anajua?

Mama akavaa kiatu chake, akakijaribu mara mbili chini, akatuaga. Khemaisi aliweka kikombe juu ya ubao, kahawa nusu, akaondoka kuelekea kwake.

Siku ya pili tulisikia Dalenda amekwenda kwa kaka yake, mji wa Testuri. Mji ukasema yake. Mara kaachwa, mara kaacha. Tanuri halikufungwa, lakini Khemaisi aliuza mikate akiwa hatazami watu, na Reli, aliyeapa kuhama, alikuwa wa kwanza mlangoni kila asubuhi. Daktari, kwa muda wote ule, hakutoa nadharia hata moja. Nilimuuliza kulikoni.

— Ningemshauri mimi, alisema. Unaelewa? Kama asingefanya mwenyewe, ningemshauri mimi, na ningelala usingizi.

Siku ya kumi Dalenda alirudi, peke yake, na begi lake. Na baada ya wiki mbili nyingine Khemaisi akaja kukaa. Amepungua mashavu. Tulimwacha anywe. Reli alivumilia mpaka kikombe kikafika katikati.

— Basi ulimwambia.

— Siku ile ile. Nilimkuta anachagua mchele. Nilitaka nikae kwanza nimtulize, lakini nikasema nimesimama.

— Akasemaje?

— Akaniuliza kijiko kipi.

— Kijiko kipi?

— Cha chai au cha kulia. Nikamwambia cha kulia. Akaendelea kuchagua mchele wake mpaka ukaisha. Akanawa mikono. Akampigia kaka yake.

Daktari alifumba macho.

— Na aliporudi?

— Aliweka begi, akaenda moja kwa moja jikoni. Akatoa sufuria, akanipa mkononi. Akasema, kuanzia leo utapika wewe, mimi nitaosha vyombo.

— Kwa muda gani? Reli aliuliza, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulikuwa mapajani.

— Sikumuuliza.

— Nawe unajua kupika?

— Najifunza. Asubuhi uji wa mtama, mchana wali na samaki, jioni supu. Wiki ya kwanza niliunguza kila kitu, na alikula kila kitu. Lakini haanzi yeye. Tunakaa, sinia katikati, ananitazama. Mimi naanza. Vijiko vitatu, vinne. Nikishameza ndipo naye anachukua chake.

— Kila siku? alisema Daktari.

— Kila siku, Ami Nasiri. Haongei. Hana hasira hata, anangoja tu. Wiki mbili sasa nakula nikitazamwa koo.

— Hiyo ni adhabu kubwa.

— Siyo adhabu. Ningekuwa mimi, nisingerudi.

Ami Tijani alipita kukusanya vikombe. Nilidhani yamekwisha, nikarudi kwenye soli niliyokuwa naishona, lakini Reli hana subira.

— Sema basi, amekusamehe au hajakusamehe?

— Sijui.

— Hujui vipi, unaishi naye!

— Sijui, Ami Lamini. Nitakwambia la jana, uamue mwenyewe. Jana alitoka kwa mama yangu, kutwa nzima wamesafisha mazulia, hajala. Niliweka supu mezani, nikarudi jikoni kuchukua maji. Nilipotokea, amekwisha kuanza. Kijiko cha pili kipo njiani. Akaniona. Mkono ukasimama hewani, hivi. Nami nikasimama na jagi langu, sikuthubutu hata kuliweka.

— Halafu?

— Akakaa hivyo, ananitazama. Kisha akala. Akala cha tatu, akasema haina chumvi.

— Ukafanyaje?

— Nikaleta kopo la chumvi, nikaliweka mbele yake, atie mwenyewe.