Wageni wa Hamza Hawalali

Kijiwe chetu hapa Lushoto ni ubao mmoja wa kukalia, ulioegemea ua wa michongoma. Ng'ambo ya ua ni kambi ya mahema. Mwenye birika la kahawa ni mimi, Abubakari, na wala sijisifu: swala ya alfajiri ikiisha tu, nagonga vikombe vyangu, ka-ka-ka, watu wanakuja hata kwenye baridi ya kugandisha mate. Wa kwanza ni Redio, aliyeendesha lori la magogo mpaka masikio yakachoka. Yeye husema kwa kupaza, nasi tumezoea kumjibu hivyo hivyo. Wa pili ni Kabichi, mkulima wa Lukozi anayejua kila kitu. Jana akaja pia Hamza, msimamizi wa kambi, uso umemshuka. Nilimhurumia kweli.

— Nafukuzwa kazi, ndugu zangu. Wageni kumi na wawili hawalali. Bosi kasema wakilalamika tena leo, nifungashe.

— NINI? akauliza Redio.

— WAGENI HAWALALI! nikamfikishia.

— Aa! Mteremko huo! Umewalaza vichwa bondeni. Damu yote inajaa kwenye ubongo, mtu anabaki anawaza tu.

— Nimeyageuza mahema yote, mzee. Vichwa viko juu.

— Basi wanateleza. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Hema lina uvungu gani, mzee?

— Ndiyo maana hawalali!

Tukacheka mpaka Redio akaupiga ubao makofi. Nikawajazia vikombe.

Kabichi akakohoa, dalili ya elimu.

— Tatizo ni kukoroma. Turubai si ukuta, mmoja akikoroma wamesikia wote. Haba na haba hujaza kibaba! Wapange kama miche: wakoromaji tuta lao, wengine tuta lao.

— Mkoromaji ni mmoja tu, na nimeshamhamisha. Yuko peke yake kule kwenye mikaratusi.

— MIKARATUSI! Redio akaruka. Si mnajua inavyokunywa maji? Ikiyakosa, inakunywa usingizi!

— Mti unakunywaje usingizi?

— Wewe umeshawahi kuuona umelala?

Hamza mwenyewe akacheka, na shida zake zote.

— Na perere je? nikachomekea. Yule mnyama akilia mtini utadhani mtu anachinjwa.

— Perere analia usiku, na usiku wanalala fofofo. Wanaamka alfajiri, wote kwa mpigo.

— Alfajiri! Kabichi akasimama. Basi ni kabichi! Zinakua saa hizo. Bonde zima likitanuka kwa pamoja, ardhi inatetemeka. Sisi tumezoea, mtu wa Dar atalalaje?

— KIMYA KINGI KINA MSHINDO MKUU! Redio akaunga mkono.

Nikacheka hadi machozi, nikamgongea vikombe kumpongeza.

Michongoma ikatikisika. Akatokea dada mmoja, blanketi kichwani, macho mekundu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Naomba kuuliza tu. Hivi hapa huwa mnaanza saa ngapi?

Kabichi akaketi taratibu. Mimi nikavitazama vikombe mkononi, aibu ikanipanda hadi masikioni. Dada akasubiri, akapiga mwayo, akarudi hemani.

Tukakaa kimya, kwa mara ya kwanza tangu ubao ule upigiliwe misumari. Kahawa ikapoa. Dakika kumi hazijaisha, kule kwenye mikaratusi mtu akaanza kukoroma. Hamza akachungulia ng'ambo ya ua, akarudi anatabasamu: mahema yote yametulia.

Redio akaniinamia sikioni, akanong'ona, nami sijawahi kumsikia akinong'ona:

— Umeona? Mikaratusi imeshiba.