Rangi Chini ya Oili

Benchi la njia panda lina miguu mitatu na tofali, na kila mchana jua likianza kulegea hukaliwa na watu walewale. Yupo Katibu, aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya mashabiki wa timu fulani. Timu ikafa, kamati ikaifuata kaburini, cheo kikabaki. Yupo Breki, dereva wa lori, ambaye hakupewa jina hilo kwa sababu anajua kusimama. Yupo muuza kahawa wanayemwita Birika, asemaye machache kuliko wote, na ndiyo maana hajawahi kuaibika. Na yupo Gesi, fundi wa friji, ambaye hata ukimletea friji iliyotafunwa nyaya na panya atakutazama usoni akuambie gesi imeisha. Siku hiyo Gesi alikuja na mfuko wa plastiki mkono mmoja, na mkono wa pili kadi iliyobandikwa vipande vya nyuzi za kila rangi, kutoka duka la nyuzi na vifungo lililo ng'ambo ya barabara. Akakaa upande wa tofali, ambao mtu mwenye raha zake hakai.

— Haya, maiti imefika, alisema Breki. Ifunue tuione.

Gesi akatoa kitu kwenye mfuko, akakitandaza juu ya mapaja yake. Kilikuwa kipana kama sinia, kimefumwa kwa uzi, kimejaa vinundu na matuta yaliyojipanga kwa mistari, na cheusi tii.

— Hii ngozi ya kenge umeitoa wapi?

— Ni kazi ya shemeji yenu. Anafuma kwa kile kijiti chenye ndoano nchani.

— Na huo weusi?

— Oili ya kompresa.

Hapo ilibidi aeleze. Siku tisa zilizopita alikuwa anafungua friji ya mteja uani kwake, kompresa ikatema oili, akaingia ndani mbio kutafuta tambara. Akalikuta hili juu ya kiti, kwenye kikapu.

— Lina vinundu, nikaona litashika vizuri.

— Likashika?

— Lilishika sana, alisema Gesi kwa unyonge.

Walicheka mpaka tofali likatikisika. Gesi hakucheka. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, mke wake alikuwa mtu wa kugomba. Akikasirika, majirani watatu wanajua sababu na wawili wanatoa hukumu. Ugomvi huo Gesi aliuzoea, hata alikuwa anaupenda kidogo. Safari hii mkewe alilitazama tambara, akamtazama yeye, akaenda kuosha vyombo. Tangu hapo maneno yake kwa siku yalikuwa matatu: "Maji yako bafuni." Nyumba ilikuwa imepoa, na Gesi, aliyekula jasho lake kwa kupoza vitu, hakujua jinsi ya kuipasha. Alimkumbuka mkewe yule wa kugomba na alitaka arudi, basi. Akaona dawa ni kumnunulia uzi mwingine, rangi ileile, aanze upya. Na duka hufungwa saa kumi na moja.

— Sasa nenda kanunue, alisema Katibu. Unatuletea sisi kikao cha nini?

— Muuzaji ameniuliza rangi gani.

— Mwambie.

— Siijui. Nimekwangua kila pembe, oili imeingia mpaka moyoni. Akanipa kadi hii, akasema nikikumbuka nirudi.

— Ngoja kwanza. Mama alikuwa anafuma chumbani kwa kujificha?

— Hapana. Sebuleni. Kila jioni, pembeni yangu.

— Kwa muda gani?

— Mwezi wa tatu huu.

— Na rangi ilikuwa?

Gesi akafikiri sana.

— Ilikuwa rangi ya kawaida.

Birika alimjazia kikombe bila kuombwa, kama anavyofanya mtu msibani.

Katibu akalichukua tambara, akalinusa, akalipima uzito kiganjani, akafumba macho.

— Damu ya mzee, alitangaza.

— Umejuaje?

— Damu nzito kuliko maji. Sasa sikilizia mwenyewe uzito huu.

— Huo uzito ni wa oili, Katibu.

— Asiyejua maana haambiwi maana.

— Achana naye, alisema Breki. Mimi nimebeba marobota ya nyuzi kutoka bandarini miaka mingapi? Nyuzi nazijua. Chukua ule unaojibadilisha wenyewe. Mita moja kijani, mita moja chungwa, mita moja zambarau, mita moja pinki. Hapo huwezi kukosea! Rangi yoyote aliyokuwa nayo, humo itakuwemo.

Gesi akaitazama kadi. Kweli kipande hicho kilikuwepo, kama kifurushi cha peremende zilizoyeyuka.

— Halafu uwe na manyoya, aliendelea Breki. Yale marefu. Mwanamke akishika kitu cha manyoya, moyo unalainika.

— Wako alilainika lini? aliuliza Birika.

— Tunazungumzia wa Gesi.

— Wote mmepotea, alisema Katibu. Anunue nyeusi. Sababu ya kwanza, itafanana na hili. Sababu ya pili, akilipangusia tena oili, nani atajua? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo methali imeingiaje?

— Imeshaingia. Wewe tulia, utaiona.

Saa ya Gesi ilisema kumi na robo. Mjadala ulikuwa umenoga, na watu waliomo humo hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kijiti cha kufumia. Breki alidai vile vinundu ni makosa, mama alikuwa anakosea kuhesabu, na uzi mnene kama kamba ya kuvutia gari utamsaidia asikosee tena. Katibu alidai mama amenyamaza kwa kuwa naye hakumbuki rangi na anaona haya kusema. Breki akapanda juu zaidi: Gesi anunue uzi mweupe, auchovye kwenye oili ya kompresa, auanike, ampelekee.

— Akiuona utafanana kabisa na ule wake. Atajua umehangaika.

— Atajua mengi, alisema Birika.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Gesi alianza kulifikiria. Siku tisa za "maji yako bafuni" humfanya mtu amsikilize hata Breki.

Ndipo alipotokea mwanamke na chupa ya chai mkononi, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani aliyehamia kibanda cha nyuma wiki hiyohiyo, na benchi lilikuwa halijamzoea.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, alijibu Katibu.

— Wazee nani? alisema Breki.

— Kahawa ya kunijazia hii itapatikana, kaka?

Birika akapokea chupa. Mwanamke akaliona tambara. Aliliinamia, akaomba kwa jicho, Gesi akampa. Akapitisha kidole gumba juu ya vinundu, kimoja baada ya kingine.

— Mikono ya mtu huyu ni ya dhahabu. Nani kaiua kazi hii?

Benchi zima likatazama barabarani.

— Ni mimi, dada yangu, alisema Gesi. Ni ya mke wangu. Nataka kumnunulia uzi mwingine. Hawa wananisaidia kuchagua.

— Wanasemaje?

— Mmoja anasema mweusi. Mmoja anasema wa rangi nyingi, wenye manyoya.

Mwanamke aliwatazama wote kwa zamu, taratibu, kama anayepima nguo asiyotaka kuishona.

— Kinundu kimoja kama hiki ni kazi. Unauvuta uzi mara tano au sita mahali pamoja ndipo kitokeze. Hapa viko zaidi ya mia. Mtu anafanya hivyo ili vionekane. Ukimpa mweusi, vinundu vyote vinazama. Ukimpa wa rangi nyingi, jicho linakimbizana na rangi, haliyaoni matuta. Na ukimpa wa manyoya, hata yeye mwenyewe hatayaona matundu ya kupitishia ndoano. Kazi ya vinundu inataka uzi laini, wa rangi moja isiyokoza.

— Nilikuwa nakuja hapohapo, alisema Katibu.

— Basi krimu, alisema Gesi, na matumaini yakamrudia. Au kijivu hiki, au samawati hii iliyopauka. Nichukue upi?

— Inategemea. Anafuma nini?

— Nini?

— Hii. Ilikuwa iwe nini? Blanketi la mtoto lina uzi wake, sweta lina uzi wake, foronya ya mto ina wake. Niambie tu ni kitu gani, nitakuonyesha kwenye kadi sasa hivi.

Gesi akaikodolea macho kadi. Akamgeukia Katibu, Katibu akakiangalia kikombe chake.

— Ni cha kutandika, alisema Breki.

— Wapi?

— Popote penye kutandikwa.

— Na wako, mzee, anafuma?

— Anafuma sana! Anafuma... kile kirefu.

Mwanamke akamwacha. Alimrudia Gesi, safari hii kwa sauti ya chini.

— Kazi yote hii, kaka. Hakuwahi kukuonyesha?

Gesi alikumbuka, na kukumbuka huko kulimuuma kuliko siku zote tisa. Jioni moja, mwezi wa kwanza wa kufuma, mke wake alisimama pale sebuleni akakiinua kile kitu kwa mikono miwili, kimefunguka mbele ya kifua chake, uso umejaa furaha ya mtoto. Akamwambia, "Hebu tazama, baba nanihii, unajua hii ni ya..."

— Alitaka kuniambia, alisema Gesi.

— Ukamjibu nini?

— Nilimwambia asogee. Alikuwa amekinga runinga. Ilikuwa inapigwa kona.

Birika alifunga chupa ya mwanamke, akaipangusa ingawa ilikuwa safi tayari. Lakini Breki ni Breki.

— Na hiyo kona, iliingia?

— Ilipaa juu.

Saa ilikuwa kumi na dakika arobaini. Gesi alilichukua tambara, akalikunja polepole, vinundu kwa ndani, akampa mwanamke ile kadi ya rangi amrudishie muuzaji. Katibu akamwambia duka bado wazi, awahi. Gesi akasema uzi hauna haraka, anakwenda nyumbani kuuliza swali alilotakiwa kuuliza mwezi wa kwanza.

— Na kama hatakujibu? aliuliza Katibu.

— Nitakaa palepale mpaka anijibu.

Akavuka barabara mfuko ukiwa kwapani. Ukweli ni kwamba aliogopa zaidi kwamba mkewe angejibu, amwambie ilikuwa yake yeye, Gesi.